Laptopu ya Bi Masouda Yafunguliwa Barazani

Huko Mabela, kwenye nchi za Kiarabu, mtaa wa nyuma ya msikiti, lipo benchi refu la mbao mbele ya duka la fundi cherehani lililofungwa tangu mwenyewe arejee kwao. Benchi halina hati wala mmiliki, lakini ukilikalia baada ya sala ya alasiri bila kualikwa utaulizwa ukoo wako mpaka babu wa tatu. Wenye benchi ni watatu. Yupo Musallam, aitwaye Daktari kwa kuwa aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo humpima mtu kwa kumtazama anavyokaa. Yupo Yaarub, jina lake Satelaiti, ambaye simu yake haikaukiwi na video wala mdomo wake haukaukiwi na maneno. Na yupo Thabit, Bwana Faili, mstaafu wa chumba cha kumbukumbu cha wizara, mtu wa kunyamaza na kupanga vitu. Dalla, birika la kahawa, ilikuwa imejaa, tende zipo, na ilikuwa Alhamisi.

Siku hiyo Thabit alikuja amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga.

– Ikiwa ni halwa, weka hapa kati, Yaarub alisema. Ikiwa ni mtoto, rudisha kwa mama yake.

– Laptopu ya Masouda. Imekufa tangu Jumatatu.

Utani ukaishia hapo, maana wote walijua laptopu hiyo ina nini. Bi Masouda, mke wa Thabit, alikuwa mwalimu, na tangu astaafu, mwaka wa pili huu, alikuwa akiandika hadithi alizohadithiwa na bibi yake huko Unguja. Wajukuu wa nyumba ile wanajua Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili wanakisikia bibi yao anapokasirika tu. Basi kila Ijumaa, baada ya wali, huwakalisha zuliani akawasomea kurasa mbili tatu, na wale watoto, ambao hata katuni haziwatulizi, hutulia. Kurasa zilikuwa zimefika mia mbili na kumi, na nakala nyingine haikuwepo popote.

Thabit aliwaeleza alivyokwenda nayo kwa fundi wa kompyuta Ruwi, mjini, asubuhi ile. Fundi hakuifungua hata kidogo. Aliibonyeza, ikanguruma, ikachemka, ikazima, akasema dawa yake ni kufuta kila kilichomo na kuanza upya, aiache arudi Jumapili. Thabit aliichukua laptopu yake akatoka. Na lipo jingine: ndani yake mlikuwa na picha za harusi za mabinti, vichwa wazi, na Masouda alikwisha kusema kwamba afadhali aitupe baharini kuliko mwanamme asiyemjua azipekue.

– Nyumba imepoa, Thabit alisema. Hanisemi, hagombi. Nlimwaga chai jana juu ya mto, akafuta yeye mwenyewe.

– Hagombi? Musallam alishtuka kidaktari kabisa. Basi hali mbaya.

Hali ilikuwa mbaya kweli, na Thabit alikuwa na hofu, ijapokuwa hakuisema. Hakuwa akiiogopa laptopu. Aliiogopa Ijumaa, yaani kesho, watoto wamekaa zuliani na Masouda amekaa mbele yao mikono mitupu.

– Ntaifungua mwenyewe, alisema. Leo. Hapa hapa.

Benchi lilichangamka kama limetiwa umeme. Yaarub alikwenda mbio garini akarudi na kisanduku cha bisibisi ndogo ndogo, alizozinunua kwa kuwa aliziona kwenye video, na tangu siku hiyo hazijapata kugusa kitu. Lakini kufungua tu hakutoshi, lazima kwanza ugonjwa ujulikane, na hapo kila mtu alikuwa na wake.

Musallam aliiwekea kiganja, akaisikiliza, akasema ni shinikizo la damu. Umeme wa hizi nyumba mpya unakuja kwa kishindo, unaipiga mashine kichwani. Yaarub akamwambia ameachwa nyuma na dunia. Mashine zikizeeka, wenyewe waliozitengeneza huzizima kutoka juu, kwa satelaiti, ili watu wakanunue nyingine.

– Waijue laptopu ya Masouda, hapa Mabela? Thabit aliuliza.

– Akhi, wanajua mpaka unachokula.

– Basi wangejua kama haina lolote ila hadithi za sungura.

Musallam alijibu kwamba pengine hilo ndilo lililoiua. Masouda alijisifia hadithi hizo kwa majirani, jirani mmoja akaitazama laptopu, jicho la hasidi likaingia. Yaarub hakukubali kupitwa, akasema kama ni mambo hayo basi aseme moja kwa moja kuwa ni jini wa Bahla, ule mji uliosifika kwa majini. Musallam akafikiri kwa dhati, akasema jini wa Bahla amezoea majumba makubwa, humu hatoshei. Kisha Yaarub akaleta la mwisho: tuiweke juu ya boneti ya gari, juani, nusu saa. Imekufa kwa joto, na wazee walisema dawa ya moto ni moto.

– Wazee hao hawakuwa na laptopu, Thabit alisema.

– Mficha uchi hazai, Musallam akamhimiza. Ifungue, sheikh.

– Daktari, mna picha za wanangu humu. Tafuta methali nyingine.

Akaigeuza mapajani, akaanza. Na hapo ndipo yule mtu wa kunyamaza alipoonekana alikuwa nani kazini kwake. Kila skurubu iliyotoka aliitazama urefu, akaitia kwenye finjani yake. Fupi saba finjani ya kwanza, ndefu nne ya pili, mbili zenye vichwa bapa ya tatu. Juu ya kifuniko cha boksi la tende akachora ramani: hii imetoka hapa, hii pale. Yaarub alikuwa na video mkononi, akasema kwanza ichomolewe betri. Thabit akasema subira. Yaarub akasema ngojangoja huumiza matumbo. Musallam akamwambia tumbo lake limeumizwa na tende, amwache mtu afanye kazi. Betri ikachomolewa. Kisha Thabit akapitisha ukucha ukingoni, kifuniko cha chini kikalia tak, kikaachia.

Ikatoka harufu.

Wote watatu waliinamisha pua. Haikuwa harufu ya waya ulioungua. Thabit aliijua kabla hajaivuta mara ya pili, maana harufu hiyo ndiyo iliyompokea mlangoni kila siku kwa miaka thelathini na nne. Ulikuwa udi. Udi wa Masouda, ule anaouchanganya mwenyewe kwa sukari na mawaridi na siri ambayo hata mabinti zake hawajapewa.

Kifeni cha ndani hakikuonekana kama kifeni. Mabawa yake yalikuwa yameshikana kwa masizi meusi ya kunata, na matundu ya kupumulia yamezibika moja kwa moja. Masouda huandika jioni, chetezo pembeni ya laptopu, kwa kuwa anasema bila ya udi maneno ya bibi yake hayamjii. Miaka miwili amekaa akiandika, na miaka miwili mashine ikivuta moshi pamoja naye.

– Huyu amekufa kwa pumu, Musallam alisema kwa sauti ya masikitiko. Na hii ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile kwamba Daktari alipatia.

Alitoa garini chupa yake ya spiriti na pamba. Thabit alifuta bawa moja moja, kwa kijiti cha meno kilichozungushwa pamba. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili nyeusi, ya tano rangi ya chai. Kwenye pamba ya tisa alikipuliza kifeni na kifeni kikazunguka. Yaarub alipiga goti lake kwa kofi.

Sasa ndipo akatokea Shihab, mtoto wa ami yake Yaarub, anatoka kazini. Na mtu akija na salamu, watu husimama, hiyo haina mjadala, hata kama una mgonjwa aliyepasuliwa mapajani. Musallam na Yaarub walisimama. Thabit alinyanyuka nusu, mikono miwili imeshika laptopu kama sinia la biriani, akampa Shihab bega alisalimie. Habari zikaulizwa, za nyumbani, za wazee, za kazini, za njiani, na Musallam, kwa heshima zake, akanyakua finjani iliyo karibu, akaijaza kahawa, akamkaribisha mgeni.

Shihab alikunywa fundo moja, akatulia.

– Iliki ya leo ngumu, alisema, na akatoa skurubu ndefu kinywani.

Tatu zilizobaki walizitoa chini ya finjani. Thabit alizihesabu, akazifuta kwa ncha ya kanga, akazirudisha mahali pake kwa ramani yake, na zote kumi na tatu zikaingia, haikubaki hata moja. Betri ilikwisha kurudi. Akaigeuza. Akasema bismillah, akabonyeza.

Ikanguruma. Wakaisubiri izime. Haikuzima. Kifeni kilivuma taratibu, kioo kikawaka, na uso wa mjukuu mdogo ukatokea akicheka bila meno. Yaarub alimkumbatia Musallam, na watu hawa walikuwa wamenuniana tangu Jumanne kwa habari ya mpira. Thabit alifungua kitabu cha mkewe. Kurasa mia mbili na kumi zilikuwepo, na ya mwisho iliishia katikati: "Basi bibi akasogeza taa karibu, kisha akasema". Hapo ndipo laptopu ilipomzimikia Masouda siku ya Jumatatu. Thabit aliusoma mstari ule mara mbili, macho yakamjaa, akasingizia spiriti.

Akampigia simu, akaiweka sauti juu ili wote wasikie.

– Masouda, ipo hai. Kurasa zote zipo.

Ikasikika pumzi ndefu.

– Nani kaitengeneza?

– Mimi.

– Wewe, Thabit?

– Mimi, kwa mikono yangu.

– Alhamdulillah, alisema, na sauti yake ikawa ile ile ya siku zote, ya mtu anayeweza kugomba. Basi ilete upesi, na usimwoneshe mtu njiani. Mkaa nshawasha, chetezo kipo tayari. Leo ntaifukiza vizuri, nje na ndani, lisiipate tena jicho.

Simu ikakatika.

Shihab, aliyekuwa hajui lolote zaidi ya ladha ya chuma, alimtazama Thabit, akaitazama ile pamba nyeusi iliyorundikana chini ya benchi, akainusa moja.

– Nani atamwambia? aliuliza.

Yaarub, aliyezijua mpaka habari za satelaiti, alikumbuka kuwa maghribi imekaribia. Musallam, ambaye kwa miaka ishirini na sita aliwapelekea watu habari nzito milangoni mwao, aliinama kuitafuta kofia yake iliyokuwa kichwani. Dalla ilipozunguka, mmoja baada ya mmoja waliitikisa finjani, kama inavyofanywa na mtu aliyetosheka, ijapokuwa kahawa ilikuwa bado nusu.

Thabit aliitikisa ya kwake mwisho. Kisha akaifunga laptopu ndani ya kanga, akashika njia ya kwake, polepole sana.