Kembo Imepata Mwenyewe Mupya

Banc yetu, benchi ya mbao, iko ku kona ya soko ya Bunia, pembeni ya kibanda ya Mama Kanyere, wa kahawa ya tangawizi. Ile kahawa, muntu akikunywa vikombe mbili anaenda Gety, kule mbali, na mguu na anarudi mbele kikombe ipoe. Pale tunaikalaka kila asubui. Kuko mi, banaita Professeur, juu niliacha masomo mu ya tano primaire wakati mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha. Kuko Gaspard wa moto, ile pikipiki ya kubeba batu, banaita Ministre, juu ya tumbo. Kuko Jean-Pierre, Docteur, anatengenezaka telefone. Na mbele yetu iko meza ya Destin. Destin anauzisha telefone ya Kembo tu, ingine hapana. Meza yake kijani ya Kembo, shimizi yake kijani ya Kembo, hata mutoto wake wa pili alitaka kumuita Kembo. Bibi akakataa.

Sasa radio ikasema kampuni ya Kembo imenunuliwa na kampuni ingine kubwa. Na patron wa Butembo, mwenye anamupatiaka Destin mali, akamupigia: makartoni ya Kembo ya zamani yenye inabakia, unabeba yote ao niuzishie bengine? Jibu leo, mbele ya saa sita. Destin akakuja ku banc, jasho ku uso, juu akibeba na Kembo ikakufa, na meza inakufa.

— Bakubwa, nibebe ao niache?

Hapo njo alikosea.

Ministre alianza. Akauliza, muntu ananunua kampuni yenye batri yake inakalaka siku mingi, anaitafutia nini?

— Anakuja kuipunguza. Utacharger asubui, saa nne imekufa. Na powerbank, nani atakuuzishia? Ye mwenyewe.

Docteur akacheka na pua. Akasema Ministre anafikiria kidogo sana. Ye amefungua Kembo mingi, na ndani kuko kintu moja ndogo, mweusi, yenye hajajua kazi yake mpaka leo.

— Docteur muzima, haujue? nikamuuliza.

— Njo maana ni ya kuogopa. Ingekuwa ya kazi, ningeijua.

Akatuelezea kama ile kintu inanusa zahabu. Creuseur, mwenye anachimbaka zahabu, akitoka Mongbwalu na kagramme kake mu soksi, Kembo inajua. Zamani ilikuwa inanyamaza. Sasa itasema kwa patron mupya.

Mi nikaona banapotea, nikabapa ukweli. Nikabaambia ile muntu hakununua telefone, alinunua tochi. Tochi ya Kembo, mi niliwasha yangu siku moja ku Tchomia, jogoo za Uganda ng'ambo ya ziwa zikawika zote. Huyu atazima tochi zetu zote kwa mara moja, Bunia mu giza, kisha atatuuzishia mwangaza kwa kipimo, sawa mafuta.

Wakati ile, baclients babili balikuwa ku meza ya Destin banagusa telefone. Bakatusikia. Bakaziweka chini polepole, bakapanguza mikono ku suruali, bakaenda.

— Bakubwa, Destin akasema, mi niliuliza kartoni tu.

— Inaanzaka na kartoni, Ministre akamujibu.

Njo mama moja akatua na basin ya samaki ya kukauka. Mama Kanyere akamusalimia: Léontine, habari ya Tchomia? Akamupatia kiti. Huyu mama akasema anataka Kembo mbili, moja yake, moja ya ndugu yake mudogo mwenye anavuaka samaki ku ziwa. Destin alisimama mbio mpaka meza ikatikisika.

— Mama, ngoja, Ministre akasema. Haujue mambo. Ilinunuliwa.

Tukamueleza yote: batri, zahabu, tochi. Docteur akaongeza kama itakuwa inapiga samaki picha ndani ya basin, ili ijue bei mbele yako. Léontine alisikiliza vizuri, anatafuna mandazi. Kisha akauliza:

— Na mwenyewe wa zamani, ule mwenye aliuzisha, alikuwa nani?

Ministre akamuangalia Docteur. Docteur akaangalia kikombe yake. Mi nikafungua kinywa, na batu ya Bunia banajua kinywa yangu haifungukaka bure, nikaweka kahawa ndani. Destin akaangalia shimizi yake, sawa vile jina ya ule mwenyewe iliandikwa pale.

Mama hakungoja. Akatoa SIM yake, akaiweka mu Kembo, akamupigia mudogo wake ku port. Sauti ikatoka wazi, na makelele ya moteur nyuma, anauliza kama samaki ilifika. Akamuambia imefika, asilalamike.

— Inashika réseau, akasema.

Akalipa, akafunga Kembo mbili mu kitenge, basin ku kichwa, akaenda.

Destin akakuwa muntu mupya. Anacheka mwenyewe, anapigia Butembo ajibu ndiyo. Ilikuwa inalia. Ministre, macho yake ingali ku barabara, akasema pole pole:

— Muliona? Hakuuliza nani alinunua.

— Na sasa? Docteur akasema.

— Hakuuliza juu anamujua tayari.

Basin ilikuwa inaenda kati ya mamoto, haina haraka.

— Allô, Destin? patron wa Butembo akaitika. Unabeba?

Destin alikuwa amesimama na telefone ku sikio. Na ye pia alikuwa anaangalia ile basin, mpaka ikapinduka ku kona.

— Patron, akasema, ngoja kwanza.