Tangazo la Saa Kumi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja tu juu ya matofali, chini ya upenu wa duka la fundi cherehani pale Majengo, Sumbawanga, na miezi ile ya vita vya Kagera halikupoa hata siku moja. Mvua ikipisha kidogo, walewale walikuja wakakaa palepale. Kulikuwa na Marselino, mkulima wa ulezi kutoka Mwazye, aliyejua litania zote bila kutazama kitabu, wakamwita Monsinyori kama padri wa cheo. Kulikuwa na Adolfu muuza kahawa, aliyeitwa Waziri kwa kuwa hakuna jambo la serikali ambalo yeye hakulijua kabla ya serikali. Halafu Eustace, karani wa posta, mwenye redio. Fundi mwenyewe alikuwa Mmoraviani wa kutoka Tukuyu, na tangu mwanawe Nsajigwa aitwe kwenye mgambo akapelekwa vitani, kila jioni aliisoma kwa sauti Zaburi ya tisini na moja, ile ya mtu kujificha chini ya mbawa za Mungu. Mtaa mzima ukamwita Mzee Tisini na Moja, jina lake halisi likabaki juu ya bahasha za barua. Bahasha hizo zilipita mikononi mwa Eustace, kwa hiyo hapo kijiweni ni yeye peke yake aliyejua kwamba mzee huyo anaitwa Lutengano.

Jumamosi hiyo ya Kwaresima betri za redio zilikuwa zimepangwa kulizunguka jiko la kahawa, zinapashwa moto. Jua la kuzianika lilikuwa halijaonekana wiki nzima, na betri mpya madukani zilikuwa hadithi.

– Geuza hiyo ya kushoto, Waziri, isije ikapasuka.

– Eustace, bwana, kila mtu na ofisi yake. Wewe piga mihuri, mimi nipashe betri.

Eustace hakucheka. Wiki nzima alikuwa hacheki, na wenzake walidhani ni mfungo.

Benchi lile lilikuwa na utaratibu wake, na lazima uujue. Mwezi wa Desemba mzee fundi aliwaambia kuwa habari za vita anaweza kuzivumilia, ila yale matangazo yanayofuata, ya vifo na wagonjwa, yanammaliza. Kila jina likianza kusomwa, alisema, yeye anakufa kwanza, halafu ndipo anasikia kuwa ni la mtu mwingine. Basi wakakubaliana: habari zikiisha, ule muziki wa polepole ukianza, Eustace anazima. Monsinyori anaongoza fungu moja la rozari, na mzee anasoma Zaburi yake. Walimpenda yule mzee, wala hakukuwa na kingine.

Lakini Jumatatu ya wiki hiyo Eustace alichelewa kuzima. Adolfu alikuwa anammiminia kahawa, naye mkono mmoja ameshika kikombe, mwingine karanga. Mzee alikuwa ameingia ndani kuchukua Biblia. Muziki ukapita, na sauti ikasema: tangazo hili limfikie Bwana Lutengano, fundi cherehani, Sumbawanga. Eustace akamwaga karanga chini, akazima. Adolfu na Monsinyori waliendelea kubishana habari za mbolea, kwani jina lile kwao halikuwa la mtu wanayemjua. Mzee akatoka na Biblia yake, wakasali, na Eustace aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Tangu siku hiyo alikuwa anazima mapema zaidi.

– Mimi nawaambieni, Adolfu alianza, habari huingilia sikioni, lakini hazikai sikioni. Zinashuka. Zinakaa hapa chini ya kitovu. Ndiyo maana mtu akisikiliza vita na tumbo tupu, anaharisha.

– Unatafuta wanunuzi wa kahawa tu wewe, alisema Monsinyori.

– Kahawa nauza, na kweli nasema.

– Dawa ya habari ni rozari. Habari moja, fungu moja. Wakisema mabomu, fungu. Wakisema sukari bado haijafika, fungu.

– Kwa sukari peke yake tutapiga magoti mpaka Krismasi!

Mzee Tisini na Moja alicheka kutoka kwenye cherehani. Alikuwa anashona shati la kaki, jipya, lenye mifuko miwili.

– Eustace, hebu simama kidogo, alisema. Mabega yako na ya Nsajigwa ni mamoja. Nataka likae vizuri, akirudi alivae Pasaka.

Eustace alisimama. Alihisi utepe ukipita mgongoni mwake, vidole vya mzee vikishika bega hili, kisha lile. Alitazama barabara yenye matope, akamwomba Mungu mzee amalize upesi.

– Huyu kijana atarudi amekonda, alisema mzee. Nipunguze, au niache?

– Acha hivyohivyo, Fundi.

– Naacha. Chakula cha nyumbani kitamrudisha.

Eustace aliketi. Usiseme hakujaribu kujitetea. Alijiambia kwamba kifo cha askari hupelekwa nyumbani na mkubwa wake, hakipelekwi na karani wa posta. Alijiambia kwamba nguzo za simu zilizoangushwa na mvua zikisimamishwa, taarifa itafika rasmi. Ijumaa alikuwa amesimama kwenye foleni ya kitubio pale parokiani, alipobaki mtu mmoja mbele yake akatoka akaenda zake. Siku tano alikuwa anamhurumia mzee na kujihurumia mwenyewe, na hakujua tena ni yupi anayemhurumia zaidi.

– Tatizo letu, alisema Monsinyori, tunaisalia redio wakati yenyewe haijabarikiwa.

Akatoa mfukoni kichupa cha maji ya baraka.

– We! Usiiloweshe! alipiga kelele Adolfu. Betri nimezihangaikia tangu saa nane!

– Matone matatu tu. Utatu Mtakatifu.

Akainyunyizia. Mzee fundi alitazama kwa adabu, kama Mmoraviani anavyotazama mambo ya Wakatoliki, kisha akaacha kushona.

– Mimi nina swali, alisema. Haya mawimbi yanatoka Dar es Salaam yanafika hapa. Yakishafika, yanakwenda wapi?

– Yanarudi, alijibu Waziri bila kufikiri. Serikali haiwezi kuyaacha huku yakipotea bure.

– Yanapita wapi?

– Yanazunguka nchi nzima. Bukoba, Kagera, kote kwenye vijana wetu.

– Eustace, wewe ni mtu wa posta, mzee aligeuka. Gari likileta barua hapa, si ndilo linalorudi na barua zetu?

– Ndilo.

– Basi! Adolfu alipiga paja. Mnaona? Tunasali kuelekea juu, wakati njia iko hapa kwenye benchi. Zaburi isomwe ndani ya redio. Itapanda na wimbi, imfikie kijana hukohuko aliko, wala haihitaji stempu.

Ungetegemea mzee acheke. Hakucheka. Alifungua Biblia, akaivuta redio karibu, akainamisha kichwa mpaka mdomo ukakaribia kugusa kitambaa cha spika, akaanza kusoma polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Monsinyori akavua kofia. Hata Adolfu, aliyeanzisha mzaha, akaweka birika chini.

– Fundi, alisema Eustace.

– Ee?

Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Aliyaona macho ya mzee, yamejaa matumaini mpaka yanatisha.

– Hapana. Ongeza sauti kidogo.

Mzee akaongeza sauti.

Saa kumi ilipofika Adolfu alizipachika betri zikiwa bado za moto, redio ikakoroma, ikashika. Msomaji alisema majeshi yetu yanasonga mbele. Alisema wananchi waendelee kuchangia ng'ombe na nafaka kwa ajili ya askari. Muziki wa polepole haukupata hata kuanza. Eustace alizima.

– Salamu Maria, umejaa neema, alianza Monsinyori.

Walikuwa katikati ya fungu hilo wakati lori la kutoka Tunduma liliposimama ng'ambo ya barabara. Mwanamke akateremka, amefunga khanga kiunoni, matope mpaka magotini, furushi kichwani. Alivuka, akawasubiri wamalize. Walipomaliza aliwasalimia.

– Samahanini, ndugu zangu. Naulizia kwa Lutengano, fundi cherehani.

– Umepotea, mama, alisema Adolfu. Fundi wa hapa ni Tisini na Moja. Lutengano hatuna.

Nyuma ya cherehani kiti kilianguka.

– Sekela?

Mwanamke aliweka furushi chini, akapiga magoti palepale kwenye tope.

– Shikamoo, kaka.

– Marahaba. Mdogo wangu, umefikaje na barabara hii?

– Siku mbili, kaka. Tumesukuma lori kuliko tulivyopanda. Akainua uso. Kaka, mbona hukuja?

– Kuja wapi?

– Mbeya. Hospitali. Nsajigwa aliletwa, yeye na wenzake, wiki iliyopita. Alikuwa amejeruhiwa tumboni.

Mzee alishika ukingo wa meza ya cherehani.

– Alikuwa mzima?

– Alikuwa anaongea. Alikuwa anakula uji. Simu za huku hazipiti, nikapeleka tangazo redioni, nikamwambia Nsajigwa. Jumatatu likasomwa. Jumanne likasomwa. Jumatano likasomwa. Nesi alituletea redio yake kitandani, tukasikiliza wote wawili: Lutengano, fundi cherehani, Sumbawanga, mwanao ni mgonjwa hapa Mbeya, fika upesi. Alikuwa anacheka, anasema, sasa baba amesikia. Akawa anakupigia hesabu. Leo amepata gari. Leo yuko Laela. Leo yuko Tunduma, kesho nitamwona.

Sekela alijifuta uso kwa upindo wa khanga, akajipaka tope.

– Alhamisi alfajiri akaniuliza kama nimesikia lori. Nikasema, nimesikia. Nilidanganya, kaka. Hakuuliza tena.

Hakuna aliyelia mara moja. Jambo lenyewe lilikuwa halijawafikia. Monsinyori alikuwa ameishika rozari kwa mikono miwili na haendi mbele wala nyuma. Adolfu alitazama jiko lake.

– Walimzika siku ileile, alisema Sekela. Hawakuweza kusubiri.

Kisha akaiona redio pale kwenye benchi, bado ina matone ya maji.

– Na redio mnayo, alisema. Hakusema kwa ukali. Alitaka kujua tu.

– Tunayo, alisema mzee. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Ni mimi, Sekela. Usiwalaumu hawa. Mimi ndiye niliyewaomba wazime yakifika matangazo. Nilikuwa naogopa. Walinionea huruma, wakanifanyia nilivyotaka. Tulikuwa tunamwombea yeye, saa ileile.

Akageuka, akitafuta mtu wa kumsaidia kubeba maneno yale.

– Au siyo, Eustace? Hata siku moja hatukulisikia?

Eustace angeweza kusema ndiyo, hawakulisikia. Mzee alikuwa amekwisha kumfungulia mlango, na hapakuwa na shahidi mwingine duniani. Ndipo alipoona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, kwa sababu sehemu moja ya moyo wake ilikuwa tayari kuupita mlango huo.

– Jumatatu, alisema. Nililisikia Jumatatu.

Adolfu aliinua kichwa.

– Ulisikia nini? aliuliza mzee.

– Jina lako tu. Nikazima.

Mzee alimtazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. Alikuwa anamtazama jinsi anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akitafuta mkasi ulianzia wapi.

– Uliposikia jina langu, ndugu yangu, ulidhani linaniitia nini?

Eustace alilijua jibu. Alikuwa amekwisha kumzika Nsajigwa tangu Jumatatu, siku tatu kabla hajafa, na kila jioni amemsalia sala za marehemu huku kijana anakula uji Mbeya na kuhesabu malori. Mvua ilianza tena, na Sekela, bado yuko magotini, naye alikuwa anasubiri asikie.