Treni Haikunyamaza: Evas Masika Anastaafu

Treni ndogo ya maonyesho ya Kasese ilipanda mlima wake wote ikiwa na mzigo, sauti ikisikika mwanzo hadi mwisho, Jumamosi, Januari 17, 2026, mjini Bwera. Kwa hiyo sauti yake haitaondolewa, ametangaza Ronah Ithungu, mwenyekiti wa kamati ya Kituo cha Kumbukumbu za Reli. Tangazo hilo limemkuta Evas Masika, fundi wetu wa umeme, akifunga vifaa vyake. Anastaafu Ijumaa, Januari 30, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi.

Evas alitoka Bwera, alikokuwa akitengeneza redio sokoni. Kazi yake ya kwanza hapa kituoni ilikuwa kubadilisha nyaya zote za jengo, na tangu hapo hakuna balbu iliyowaka bila idhini yake. Tulimwita Afande, naye akaitika. Aliyesogelea swichi zake, hata akiwa mgeni rasmi, alipokea amri ileile: "Toka hapo! Mikono mufukoni!"

Treni ilipoletwa kama zawadi, ikiwa vipandevipande, ni yeye aliyeiunga. Kwa ambao hawajaiona: inaenea juu ya meza ndefu yenye mlima wa kuigiza, na umeme wake hupitia kwenye reli. Ndani ya kichwa cha treni kuna dekoda, kibamba cha elektroniki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Dekoda hupeleka umeme kwenye mota na taa, na hutoa mngurumo na honi kupitia spika. Uwezo wake ni ampea moja. Ikizidiwa hupata joto na kujizima, ikilazimishwa, huungua.

Ya kwanza iliungua kwa mkono wa Evas mwenyewe. Aliizungushia sponji ili vumbi lisiingie, na joto likakosa pa kutokea. Kisa hicho anakisimulia kwa kicheko kikubwa kuliko sisi sote: "Nilivalisha yeye sweta, Kasese hii yenye jua, alafu nashangaa iko natoka jasho!"

Ya pili iliuawa na ukarimu. Watu wa huku hawakubali treni isiyobeba kitu. Kila tunapoonyesha, wageni hujaza mabehewa: chumvi ya Katwe, kahawa ya milimani. Mvuvi mmoja wa Kasenyi alipakia samaki mkavu mzima, na harufu ilibaki hadi Pasaka. Mlimani mota ilivuta umeme mwingi kuliko dekoda ilivyoweza kuhimili. Sauti ilikatika mbele ya ukumbi uliojaa, moshi ukafuata. Jean-de-Dieu, mfanyabiashara kutoka Butembo asiyekosa onyesho letu lolote Bwera, alipaza sauti: "Mama Evas, train yako ilishakuwa bubu! Iko naenda sawa nyoka!"

Ilibaki dekoda moja ya sauti. Kamati ikaamua kwamba treni ikinyamaza tena Bwera, sauti itaondolewa moja kwa moja. Wengine, mwandishi wa makala haya akiwamo, tulipendekeza wageni wakatazwe kupakia. Evas alikataa. Alisema treni ya Kasese ilijengwa kubeba, si kupiga picha.

Badala yake alitenganisha kazi. Kichwa cha mbele alikiachia sauti peke yake: akaondoa mota yake, akatoboa matundu ya hewa, akagandisha dekoda kwenye kipande cha sufuria kuukuu ili joto lisambae. Nyuma ya mabehewa akaweka kichwa cha pili, kisicho na sauti, chenye dekoda kubwa ya mota. Vyote viwili hutii rimoti moja. Cha nyuma husukuma, cha mbele hunguruma.

Siku ya Bwera, Jean-de-Dieu alikuja na maharagi. "Leo itakufa tena, Mama!" alisema huku akimimina. "Weka! Ongeza!" Evas akamjibu. "Ni maharagi ya kuonja hiyo?"

Treni ilianza kupanda. Pale sauti ilipokatika safari iliyopita, treni haikunyamaza. Kileleni Evas alibonyeza honi, kisha akaibonyeza tena bila sababu yoyote ya kiufundi. Jean-de-Dieu alipiga makofi kuliko wote, akadai maharagi yake yarudishwe kwa kuwa sasa "yalishapanda train". Akajibiwa kwamba abiria hawarudishwi.

Rimoti inakwenda kwa Bright Thembo, aliyefundishwa na Evas na ambaye tayari anatuamuru tuweke mikono mifukoni.

Evas, asante kwa kazi, kwa kelele na kwa kutokubali ushauri wetu. Uende salama Bwera, uwe na afya, na wajukuu wakutii kuliko tulivyokutii sisi.

Onyesho linalofuata ni Jumamosi, Februari 14, Bwera, saa nne asubuhi. Evas ameagiza behewa la kwanza liachwe tupu. Atakuja kama mgeni, na kahawa yake.