Kikombe Kilichobaki Kwenye Treni

Pa! Sauti moja tu, usiku wa Jumamosi, halafu treni ya mwisho kutoka Ujerumani ikaondoka na stesheni ya Tinglev ikanyamaza tena. Sisi tunaokaa kandokando ya reli tuliisikia vitandani, na asubuhi, kabla kengele ya kanisa haijalia, tulishakuwa kwenye benchi letu mbele ya kibanda cha soseji, tukiigombania. Kila mji wa Denmark una benchi lake la umbea. Letu lina themosi ya Lillian, ambaye tunamwita Redio. Knud aliwahi kuwa diwani kwa muda mfupi, naye kwetu ni Waziri mpaka afe. Jeppe hana jina la utani. Tangu mkewe afariki, miaka sita sasa, huketi mwisho wa benchi, anakunywa, anasikiliza. Akimzungumzia mkewe husema "yeye" tu, nasi tumejifunza kusema "yeye", kwa sababu siku ile Knud alipoteleza akamtaja kwa jina, Jeppe aliiacha kahawa yake ikifuka, akaenda zake, na hatukumwona benchini mpaka theluji ilipoyeyuka. Jumapili hii alikuwa amevaa suti. Mjukuu wake wa kwanza, binti wa mwanawe, alikuwa anabatizwa.

—Ile ilikuwa bunduki, Knud akaanza.

—Bunduki gani, Waziri? Bunduki Tinglev?

—Ya watu wa forodha. Mtu kavusha bia kupita kiasi.

—Acha hizo. Mimi nilichungulia dirishani, Lillian akasema. Nilimwona Gudrun. Yuko peke yake pale stesheni, mifuko tele, anaipungia treni mkono.

—Treni inapungiwa?

—Anampungia mtu ndani ya treni! Mwanamume. Mrefu.

—Ulimwona?

—Mtu wa kupungiwa vile lazima awe mrefu.

—Basi ni Mjerumani, Knud akasema. Na kama ni Mjerumani, ni jasusi.

—Jasusi atafute nini hapa kwetu?

—Ndiyo ujue kuwa ni jasusi mzuri. Hakuna anayejua anachotafuta.

Tulikuwa tumeshamwoza Gudrun, tumeshamhamishia Hamburg, na Lillian alikuwa anagawa samani zake, alipotokea mwenyewe. Kavaa nguo za kanisani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Gudrun ndiye bibi wa pili wa huyo mtoto. Binti yake ameolewa na mwana wa Jeppe.

—Hamjambo. Treni ya kwenda kusini imepita?

—Bado. Unamfuata?

—Namfuata nani?

—Yule mrefu.

—Lillian, sijalala. Usinianze.

Akajibwaga katikati yetu, akakiteka kikombe cha Knud, akanywa kahawa yote.

—Kikombe cha mtoto kimebaki kwenye treni ya jana, ile inayorudi asubuhi hii.

Benchi zima likageuka kumtazama Jeppe, kisha likajifanya halikumtazama. Kikombe cha ubatizo ni cha fedha, na jina la mtoto huchongwa ubavuni. Na jina lenyewe lilikuwa siri. Wazazi walilijua, na Gudrun aliyetumwa kwa sonara, basi. Wengine wote tungelisikia kanisani, mchungaji atakapouliza. Knud alikuwa amejaribu kumhonga Gudrun kwa samaki wa moshi tangu majira ya joto.

—Pole, shoga, Lillian akasema. Hebu turudi nyuma. Mara ya mwisho ulikiona wapi?

—Kwa sonara, Flensburg, ng'ambo ya mpaka. Akakifunga kwenye kisanduku chekundu. Basi nikasema, nimefika mpaka huku, nirudi bila kuutazama mji? Nikaenda mtaa ule wa viatu.

—Vya kuuza?

—Vya kuning'inia. Wamevitundika kwenye nyaya juu ya barabara, jozi kwa jozi, kama popo. Nikatazama juu mpaka shingo ikauma.

—Hapo ndipo ulipoibiwa!

—Nilikuwa nacho kwapani, Waziri. Nikashuka bandarini nikala mkate wa samaki, kisanduku kiko mapajani. Halafu nikaingia dukani.

—Ahaa, dukani.

—Peremende, mishumaa, mvinyo wa wageni, bia za mkwe wangu, sabuni.

—Sabuni hata hapa ipo.

—Ya kule inanukia kusafiri.

Hata Jeppe alitabasamu.

—Basi kwenye treni mikono ikanijaa. Kisanduku nikakiweka rafuni, juu ya kichwa, mahali salama. Salama kweli, maana mimi nimeshuka, chenyewe kimebaki. Mlango ukajifunga. Nikaupiga kofi.

—Pa, tukasema wote.

—Pa, akaitikia.

Hapo treni ikaingia. Kwetu reli mbili zinaishia hapa, mbele ni moja tu, kwa hiyo treni ya kwenda kusini husubiri ile ya kwenda kaskazini ipite kwanza. Akashuka kondakta, kijana wa Kijerumani mwenye Kidenmark cha darasani, na mkononi mwake kisanduku chekundu.

—Samahani, wazee wangu. Nani kapoteza hiki?

—Mimi! Ni changu, mwanangu, Mungu akubariki!

—Vizuri, mama. Ndani kuna jina. Jina gani?

Gudrun akauziba mdomo wake kwa kiganja.

—Kijana, Lillian akasema, hilo swali hapa halina mtu wa kulijibu.

—Lazima nihakikishe. Nikimpa asiye mwenyewe, mkuu wangu atanichuna. Au kiende ofisini Hamburg, kesho wanafungua.

—Ubatizo ni leo!

—Basi taja jina, mama.

—Nimemwapia binti yangu. Si kwa mdomo, si kwa kalamu, si kwa kunong'ona. Ananijua, ndiyo maana akazitaja njia zote.

—Treni ile ikishapita, mimi naondoka.

Knud akasimama, akajikohoza kama yuko barazani.

—Aliyeapa ni Gudrun. Sisi hatukuapa. Tukisie, kondakta atuambie! Emma?

—Siyo.

—Freja, akasema Lillian.

—Siyo.

—Ida! Alma! Luna!

—Siyo, siyo, hapana. Kijana akacheka. Ni jina la kizamani. Mimi nilidhani kikombe ni cha bibi fulani. Sijawahi kukutana na mtoto mwenye jina hilo.

Gudrun alikuwa ameacha kukitazama kisanduku. Alikuwa anatazama mwisho wa benchi.

—Jeppe. Wewe hujajaribu.

—Mimi majina ya watoto siyajui.

—Umemsikia. Kasema ni la kizamani.

Jeppe akakishika kikombe chake kwa mikono miwili. Kule kwenye reli moja, treni ya kaskazini ilikuwa imeshaanza kunguruma.

—Na nikikosea, Gudrun?

Alilisema polepole sana, na hapo ndipo tulipojua kimya chake cha miezi hii kilikuwa kimebeba nini: kutumaini jina moja, na kuogopa kuliuliza.

—Nimeapa kutosema, Gudrun akajibu. Sikuapa kutolia.

Machozi yalikuwa yanamteremka, naye anacheka, mkono wake umeshanyooka kuelekea kwenye kisanduku. Treni ya kaskazini ikapita. Taa ikawa kijani. Kondakta akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Jeppe akaiweka kahawa chini, akasimama, akavua kofia kama vile mchungaji mwenyewe ndiye aliyeuliza, akalitaja jina la "yeye" kwa sauti iliyowarusha njiwa wote juu ya kibanda cha soseji:

—Bodil.