Mwalimu Elinipendo na Mtihani wa Kahe

Tarehe 30 Juni 2004, Mwalimu Elinipendo Mshiu anastaafu baada ya kufundisha chuoni kwetu miaka ishirini na saba. Sherehe hakuitaka. Alikubali ukurasa huu mmoja wa jarida, tena baada ya kubembelezwa.

Ni mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi huko mlimani, aliyeajiriwa mwaka 1977 kufundisha umwagiliaji. Kwa sababu ya mabuti yake ya mpira, wageni walimdhania mtunza bustani. Mmoja alimtuma maji ya kunywa. Akamletea, kisha akapanda jukwaani kufungua semina.

Mwaka 1991 alianzisha shahada ya uzamili ya vitendo katika usimamizi wa maji ya mashamba. Mwanafunzi alisoma darasani muhula mmoja, kisha akaishi kijijini miezi tisa akifanya kazi na kamati ya mfereji, au mfongo kama tunavyouita mlimani. Ripoti ilikuwa na alama arobaini. Sitini zilitolewa pale pale ukingoni mwa mfereji, wakulima nao wakiuliza maswali. Kila Jumamosi Mwalimu alipanda pikipiki ya chuo kuwatembelea wanafunzi wake. Mumewe alikuwa ameshafariki na mwanawe alikuwa Mwanza. Aliwahi kuniambia kwamba Jumamosi ndiyo siku aliyozungumza na watu kuliko zote.

Mwaka 1996 tulimtahini Ildefonce, afisa aliyeletwa na mwajiri wake, kule Kahe. Ripoti yake ilikuwa nzuri kupindukia. Ndipo Bi Rahma, katibu wa kamati ya maji, akamuuliza, “Mwanangu, zamu yangu ya maji ni siku gani?” Ildefonce akaanza kuitafuta siku hiyo ndani ya ripoti. Ikabainika kwamba alikuwa akiishi mjini na kufika kijijini mara moja moja. Usimamizi wa mwanafunzi wa Kahe ulikuwa wangu mwaka ule, nami nilikuwa nimetosheka na barua zake bila kwenda kumtembelea.

Mwalimu alimfelisha. Mwajiri akawaondoa wanafunzi wake wengine wanne, na kozi ikakaribia kufungwa. Mkuu wa idara akaitisha kikao, akamsihi, “Mama, mfumbie macho huyu mmoja tu.”

Akajibu, “Akishika cheti hiki, watu watamkabidhi maji yao.”

Katika kikao kile mtahini wa pili nilikuwa mimi. Nilijua ukweli wote, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo Mwalimu alikunywa chai peke yake. Tukiwa tunacheka, akiingia tunakatisha. Hakumlalamikia mtu. Ildefonce alirudi Kahe, akaishi kwa Bi Rahma msimu mzima, na aliyemtembelea ni Mwalimu peke yake. Mwaka 1998 alitahiniwa upya. Wakulima walimhoji saa mbili, naye akawajibu akiwa ndani ya maji hadi magotini. Alifaulu, na mwajiri akaanza tena kuleta watu.

Kozi imeshatoa wahitimu sitini na watatu. Sisi wenzake tulianza tena kumsalimu, lakini hakuna aliyewahi kutamka kwamba alikuwa sahihi. Hata mimi sikutamka, na ofisi zetu zinatazamana.

Mwalimu, ulikuwa sahihi. Kosa la Kahe lilikuwa langu, nawe ukalibeba bila kunitaja. Nisamehe.

Asante kwa miaka yote hii. Tunakuombea afya na siku njema nyumbani kwako Rau. Jumamosi hii nitabisha hodi; ukipenda, nifungulie.