Mashina Matatu Yaliyokosekana: Miaka 31 ya Mzee Simioni Mniko

Nianze na kilichopotea. Jumamosi ya tarehe 8 Februari mwaka jana, kati ya saa mbili asubuhi nilipokwenda sokoni na saa tano niliporudi, mashina kumi na manne ya mawaridi mekundu yaliondoka mbele ya jiko la Nyumba ya Wageni ya Mama Philomena, hapa Mugumu. Hayakuliwa na mbuzi wala hayakuibwa. Aliyeyang'oa ni Mzee Simioni Mniko, mtunza bustani wetu, tunayemuaga leo tarehe 27 Juni 2026. Atastaafu rasmi Jumanne, tarehe 30, akiwa ametimiza miaka thelathini na moja kazini bila kukosa msimu hata mmoja.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Hilaria Ngeleja wa jikoni na stoo, niandike wasifu wake. Walisema hakuna mtumishi aliyegombana naye mara nyingi kama mimi, kwa hiyo ninamfahamu. Nimepiga hesabu: tumegombana mara tisa. Nane zimekwisha. Ya tisa ndiyo hiyo ya mawaridi, nayo nitaifikia.

Mzee Mniko alizaliwa Kenyamonta, akakulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Aliajiriwa hapa tarehe 1 Julai 1995 kama mlinzi. Wakati huo hapakuwa nyumba ya wageni. Palikuwa nyumbani kwa Mama Philomena tu: nyumba ya vyumba vinne, boma la ng'ombe lililobaki tupu upande wa nyuma, na uwanja wa mbele ulioota ukoka na mawe. Mama anasimulia kwamba alimpa mlinzi wake kiti, tochi na rungu. Wiki ya pili alikuta kiti kimewekwa kando, rungu limechomekwa ardhini kuwa kiguzo, na bogonvilia changa imefungwa juu yake. Alipomuuliza ni nini, alijibiwa, "Mama, mlinzi asiye na kitu cha kuchunga atalala."

Bogonvilia hiyo ndiyo inayofunika geti letu leo. Anaiita Fahali, kwa sababu ina miiba na inaegemea ua kama inataka kuuangusha.

Wageni wengi hucheka wakisikia majina hayo. Mzee Mniko huyapa maua majina kama ng'ombe, kufuatana na rangi na tabia. Kuna Madoa, kuna Paji Jeupe, kuna kana moja nyekundu iliyoitwa Mchokozi kwa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi hupita na fimbo kuyasalimia, na jioni hupita tena. Hahesabu. Mimi nikipita nahesabu, naye hukasirika. Kwao mfugo hauhesabiwi kwa kidole, na idadi haitajwi kwa sauti. Anajua aliyekosekana kwa kumtazama usoni. Nimemwambia mara nyingi kwamba ua halina uso. Hunijibu, "Msukuma, wewe huna macho ila ya kutazama mizani."

Nilikuja hapa Aprili 2008 kutoka Genkuru, ambako nilikuwa nikiwauzia maandazi wachimbaji. Nilianza kwa kuosha vyombo. Kitu nilichobeba kutoka kule chenye maana kilikuwa tawi moja la waridi, limefungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Mzee Mniko alinionyesha pa kulichomeka, mbele ya jiko, akanikataza kuligusa kwa siku arobaini. Tawi hilo likawa shina, na mwaka hadi mwaka nikakata vipandikizi, mpaka yakafika kumi na manne. Kila shina nililifungia kijiti kwa kipande cha kitenge changu cha njano kilichochakaa. Nimejijenga hapa kutoka kwenye karai la vyombo hadi ufunguo wa stoo, na mawaridi yale yalikua sambamba na mimi. Msomaji aelewe basi kwa nini mashimo kumi na manne hayakunifurahisha.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa Juni hiyohiyo ya 2008, na kosa lilikuwa langu. Kila mwisho wa Mei, mvua zikikatika, yeye huchimba viazi vya maua ya dalia, huviacha vikauke kivulini, kisha huvifukia kwenye kapu la majivu stooni mpaka vuli. Mimi mgeni niliona kapu, nikaona viazi. Nilikuwa nimemenya saba, na sufuria iko jikoni, alipoingia. Alivitazama, akaketi kwenye ndoo. "Umechinja ng'ombe wa watu," alisema, halafu akaomba walau aonjeshwe. Tulionja wote wawili. Havina ladha yoyote. Lakini Novemba ile njia ya kwenda chumba namba tatu ilipungukiwa dalia saba, na kwa miaka kumi na minane amehakikisha kila mgeni anayeuliza juu ya dalia anaelekezwa jikoni.

Sasa niseme kazi yake, maana wengine wanadhani kutunza bustani ni kumwagilia.

Bustani ya Mzee Mniko haikai. Inahama. Anaiendesha kama watu wa kwao wanavyoendesha mifugo: nyasi zikiisha huku, twende kule. Kiangazi kikianza, Juni, anaikunja. Maji ya bustani kwa siku ni madumu sita tu, mengi yakiwa yaliyokwisha kuosha vyombo na nguo, kwa hiyo vitanda vinavyobaki hai ni vile madumu sita yanavyoweza kunywesha. Kana zinapelekwa kwenye mdomo wa bomba la bafu. Maua ya makopo yanapandishwa barazani. Vilivyobaki vinaachwa vilale. Na huo ndio wakati wageni wetu wengi wanakuja kufuata nyumbu wanaohama, bustani ikiwa imepungua kabisa. Anachofanya ni kuyapanga yote yaliyo hai kwenye hatua kumi na nane zilizopo kati ya geti na mapokezi. Mgeni anaingia, anaona maua kulia na kushoto, anaandika kwenye kitabu kwamba tuna bustani kubwa. Hajui kwamba akikata kona atakutana na vumbi.

Mwisho wa Septemba anayanyoa mawaridi. Vuli ikigonga anarudisha dalia, anapunguza pembe za Fahali, anatawanya mbegu za zinia kando ya njia. Januari na Februari, kabla ya masika, ndiyo kazi ngumu: anaangalia maji yatapita wapi, kisha anatoa kilicho bondeni na kukipeleka juu. Halafu masika yenyewe, ambapo hafanyi chochote ila kusimama barazani na koti lake la mvua akiangalia kama alikosea. Miaka thelathini na moja, uwanja uleule, na sijawahi kuuona umepangwa namna moja mara mbili.

Tatizo ni kwamba hatangazi. Mama Philomena, ambaye ni mtu wa hukuhuku, ndiye aliyenieleza. Huku, zamani za kuibiana ng'ombe, mtu hakusema atahamisha lini wala atapeleka wapi. Ulilala una majirani, ukaamka boma tupu, nao wako salama ng'ambo ya mto. Mzee Mniko ana msemo wake: anayetangaza safari ya ng'ombe anaalika wageni. Ni busara nzuri kwa ng'ombe. Kwa mawaridi ya mtu mwingine ni jambo jingine.

Turudi tarehe 8 Februari. Niliporudi sokoni na kapu la nyanya kichwani nilikuta mashimo. Yeye alikuwa nyuma, kwenye boma la zamani, kando ya ua wa minyaa, anashindilia udongo. Mawaridi yangu yalikuwa hapo, yamepangwa mistari miwili. Nilihesabu, kwa kidole na kwa sauti. Kumi na moja. Nilihesabu tena. Kumi na moja. Nikamuuliza yale matatu yako wapi. Akakwangua udongo kwa jembe. Nikauliza mara ya pili. Akakwangua. Usiku ule nikaandika kwenye daftari langu: yaliyokufa, matatu.

Sikumsemesha kwa siku thelathini na saba. Chakula alipata, na nyama sikumpunguzia, maana kazi ni kazi. Lakini sahani ilifika mezani kimya. Shikamoo nilimpa kwa kuwa ni mzee, nayo niliitoa nikitazama ukutani.

Tarehe 17 Machi mvua ya kwanza kubwa ilinyesha kuanzia saa tisa alasiri. Mtaro wa barabara uliochimbwa Januari, ambao mimi nilipita juu yake kila siku bila kuutazama, ulikuwa umegeuziwa mdomo kwetu. Maji yalivunja kona ya ua na kupita mbele ya jiko. Yalibeba mawe ya kuotea moto, yakabeba benchi la Lilian, anayetandika vitanda vyumbani, yakachukua udongo kina cha magoti mahali pale yalipokuwa mawaridi. Kule nyuma, kwenye boma la zamani lenye mbolea ya miaka, mashina kumi na moja yalikuwa yanakunywa mvua taratibu. Nilisimama mlangoni nimeshika mwiko. Mzee Mniko alikuwa barazani na koti lake. Hakusema lolote, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hakusema. Jioni ile sahani yake niliisindikiza na neno. Nilisema, "Karibu chakula, Mzee." Akasema, "Umepata sauti, Msukuma."

Lakini kumi na moja si kumi na nne, na mimi ni mtu wa stoo. Hesabu ya daftari isipofunga haifungi.

Alipotangaza mwaka huu kwamba atapumzika, kilichonitia hofu si maua. Ni kwamba mpango wote wa misimu ulikuwa kichwani mwake. Mama ameamua bustani niishike mimi pamoja na stoo. Nilimwomba Mzee aniandikie. Hakuandika. Nilimwomba mara ya pili mbele ya Mama. Akacheka. Mara ya tatu, Mei mwaka huu, aliniita saa kumi na mbili asubuhi, akanipa fimbo yake, akasema, "Twende tuwasalimie." Tulizunguka asubuhi nne. Alinionyesha kila ua linapotoka na linapokwenda, mwezi kwa mwezi, na akatamka kwa sauti kitu ambacho hajawahi kukitamka kwa mtu: njia. Niliandika mistari sitini na miwili. Alipoona naandika aligeuka upande mwingine ili asiwe shahidi. Tangu asubuhi ile ya nne nalala usingizi.

Kisha likaja la mwisho. Jumapili tarehe 14 mwezi huu, Lilian alisaidia kupeleka kitanda na masanduku ya Mzee nyumbani kwake Kenyamonta. Aliporudi alinivuta pembeni. "Dada Hilaria, nimeona kitu, ila usinitaje." Namtaja, kwa sababu ushahidi usio na shahidi haukamiliki. Kando ya mlango wa mke wa Mzee Mniko pana mawaridi mekundu, mashina matatu, marefu kufika dirishani. Moja lina kijiti, na kwenye kijiti kuna kipande cha kitenge cha njano kilichopauka.

Nilikwenda kwa Mama Philomena nikiwa nimejaa hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimewahi kuona mfugaji wa huku mwenye akili akilaza kundi lote kwenye boma moja. Wachache hupelekwa kwa wakwe, wachache kwa rafiki, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize ukoo. Anayetunziwa haulizwi, na anayetunza hasemi. "Mtu hafanyi hivyo," alisema Mama, "kwa ng'ombe asiyempenda." Nilirudi jikoni nikamenya vitunguu vingi kuliko mahitaji, nipate sababu ya macho.

Kwa hiyo, Mzee Mniko, kwa niaba ya Mama Philomena na watumishi wote, asante kwa Fahali, kwa kana za bafuni, kwa hatua kumi na nane, kwa misimu sitini na miwili ya mvua uliyoivuka ukiwa umesimama barazani. Kenyamonta ikupokee vizuri, miguu ipumzike, na usikose mvua wala mtu wa kutaniana naye. Tunakutakia maisha mema, wewe na wote unaowachunga.

Limebaki jambo moja, na safari hii naomba lisijibiwe kwa jembe. Sitaki yarudi. Pale mlangoni kwa mama watoto wako yamekaa vizuri, na wewe umeyatunza. Nataka kufuta neno moja kwenye daftari langu, "yaliyokufa", na kuandika kumi na nne. Jumanne tarehe 30, saa kumi kamili jioni, kabla hujaweka ufunguo wa geti mezani, nitakuwa nimesimama mapokezi na kalamu. Wale watatu ni wangu? Sema ndiyo au siyo.