Mama Nakala na Kituo cha Pili

Ijumaa hii, tarehe 30, karani wa shule yetu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Anaondoka na mwavuli mmoja na kuacha mwingine ofisini, kwa sababu siku zote amekuwa na miwili: wa kutumia, na wa siku ule wa kwanza utakapopotea. Ndiyo maana wanafunzi tunamwita Mama Nakala. Yeye huitika mara mbili.

Alianza kazi enzi za taipureta na karatasi ya kaboni. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, walimu waliizunguka kama watu wanaotazama ajali. Yeye aliuliza swali moja tu: kaboni inawekwa wapi? Walicheka mpaka chai ikapoa.

Miaka sita iliyopita ulikuja waraka kutoka wizarani ukiagiza kila shule iweke nakala ya data zake katika kituo cha pili. Mkuu wa shule alikuwa anawahi semina ya usalama wa data. Aliandika pembeni “Karani atekeleze”, akaondoka. Karani akatekeleza. Alinakili alama zote za wanafunzi kwenye flashi, akaifunga kwenye leso, akapanda basi, akashuka kituo cha pili.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini yeye maana aliijua vizuri: kituo ni pale basi linaposimama. Na pale kituo cha pili pana kibanda cha fundi cherehani, ambaye ni shemeji yake. Flashi ikaingia kwenye kopo la vifungo. Tangu hapo, kila Ijumaa alipeleka mpya na kurudi na ya zamani. Shemeji mtu alilalamika: kifungo gani hiki, shemeji, hakiingii tundu la shati hata moja? Akajibiwa kwamba kina tundu lake, na asithubutu kukishona.

Habari zilipowafikia walimu, vicheko havikuisha wiki nzima. Makamu mkuu alisema mbele ya watu kwamba mama huyu akiambiwa apeleke nakala kwenye wavuti, atakwenda kuwatafuta wavuvi. Kisha ikaundwa Kamati ya Kituo cha Pili. Baada ya vikao vingi na soda nyingi zaidi, wajumbe waliteua kabati lililomo ofisini kwa makamu mkuu, chumba kinachotengwa na kompyuta kwa ukuta wa mbao. Ndani yake wakaweka diski kubwa ya kisasa. Kibao cha KITUO CHA PILI kikapigiliwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Karani haonekani kwenye picha hizo. Alikuwa pembeni ameshika mkasi wa akiba.

Hakubisha. Kila Ijumaa alinakili alama kwenye diski ya kabatini kama alivyoagizwa, kisha akapanda basi. Alipoulizwa, alieleza kwa adabu kwamba hajapokea waraka wa kuufuta ule wa kwanza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na machoni pake lile kabati lilikuwa msala.

Muhula uliopita, wiki ambayo alama za kidato cha mwisho zilitakiwa kupelekwa baraza la mitihani, tangi la maji lililo juu ya dari lilipasuka. Maji hayakusoma kibao. Yaliizamisha kompyuta, yakapita chini ya ukuta wa mbao, yakapanda hadi kwenye kabati na diski yake ya kisasa. Na bila alama zile, hakuna hata mmoja wetu ambaye angesajiliwa kufanya mtihani.

Darasani palikuwa kama msibani. Mwalimu wa hisabati alijitolea kuzikumbuka alama zetu kwa kututazama sura, na wenye sura za upole wakapata matumaini. Mtoro wetu mashuhuri alijitangazia tisini za fizikia, akaapa kwamba mwalimu ni shahidi. Waliosoma kweli walikuwa na nyuso za watu walioibiwa.

Makamu mkuu aliitisha kamati. Wajumbe wakiwa bado wanatafuta viti vikavu, Mama Nakala aliomba ruhusa akachukue kifungo. Alikubaliwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Alirudi na fundi mwenyewe, aliyekataa katakata kutoa kopo lake bila yeye kuwepo. Fundi alilimimina lote mezani, vifungo vikabingirika hadi sakafuni, na kamati nzima, makamu mkuu akiwemo, ikapiga magoti kwenye maji kutafuta flashi. Fundi aliwasimamia akiwaonya wasikanyage vile vya koti, kwani vina mwenyewe.

Ilipatikana chini ya kiti cha mwenyekiti. Alama zote zilikuwemo, pamoja na kumi na tisa za fizikia za mtoro wetu. Katika taarifa yake, kamati iliandika kwamba mfumo wa kituo cha pili ulifanya kazi kama ulivyopangwa.

Sasa Mama Nakala anaondoka. Kamati imekubaliana kwa kauli moja kwamba nakala ziendelee kupelekwa kwa fundi, ila imekwama kwenye swali dogo: kituo cha pili kutokea shuleni, au kutokea mjini? Vikao vinaendelea. Alama zetu mpya zimo kwenye kompyuta mpya, chini ya tangi jipya, na tuliokuwa tukilala vizuri tumeanza kuota maji.

Lakini Ijumaa iliyopita karani mpya, ambaye kamati bado haijamwambia lolote, alionekana akishuka kwenye basi karibu na kibanda cha fundi. Mkononi alikuwa na leso iliyofungwa fundo, na kwapani mwavuli tunaoufahamu, ingawa mvua haikuwepo.

Mama, asante kwa kuzitunza alama zetu, hata zile tulizotamani zipotee. Tunakuombea afya, usingizi mnono na miaka mingi ya raha. Wasifu huu tumeuchapa mara mbili: mmoja unasomwa leo mbele yako, na wa pili uko kwenye kopo la vifungo. Akiba haiozi.